Mzazi, umeyatazama matairi ya gari linalombeba mwanao?

Muulize dereva yeyote wa kwetu Iyula gari lake linaendeleaje, atakueleza habari za injini. Ataongelea oili, plagi na gia boksi. Matairi atayataja mwishoni, na mara nyingi ni pale tu yanapokuwa yamepata pancha.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Nimezoea kuandika kuhusu chanjo, lishe na kliniki za wajawazito, si kuhusu magari. Lakini Shirika la Afya Duniani limekuwa likisema kwa miaka sasa kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Ripoti yake ya mwaka 2023 ilikadiria vifo milioni 1.19 kwa mwaka kwa watu wa rika zote. Ukiwa mzazi, huwezi kusoma hayo halafu ukasema matairi ni mambo ya mafundi.

Nina sababu nyingine, na hiyo ni ya nyumbani. Mwanangu ana miaka sita. Kwa kuwa kazi yangu ni ya kusafiri, anaishi Iyula kwa bibi yake, na shuleni anakwenda na Noah pamoja na watoto wa majirani. Mwezi Machi, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, Noah ile iliteleza kwenye mteremko, ikaenda ubavu ubavu mpaka ikaishia mtaroni. Hakuna mtoto aliyeumia. Mama alinipigia simu akasema, "Mshukuru Mungu, wamechafuka tope tu."

Nilimshukuru Mungu. Jumamosi yake nikaenda nyumbani kuuliza maswali.

Yule dereva ni mtu makini. Hanywi pombe, hakimbizi gari, na watoto wanampenda. Nilimwomba tuyatazame matairi pamoja, nikamwambia, "Kaka, sijaja kukulaumu, nataka kuelewa." Aliinama, akapitisha kiganja juu ya tairi la nyuma, akanyamaza. Kisha akasema, "Dada, mimi niko na gari hili kila siku. Sikuona lilivyoisha."

Maneno hayo yamekaa nami tangu siku ile. Tairi haliishi kwa siku moja. Linaisha kidogo kidogo, na dereva naye anabadilika nalo bila kujua. Gari likianza kuchelewa kusimama, anaanza kukanyaga breki mapema. Likianza kutikisika, anaushika usukani kwa nguvu zaidi. Ni kama ugonjwa wa presha: mwenye nao anaweza kutembea nao miaka akijiona mzima, mpaka apimwe na mtu mwingine. Ndiyo maana naamini jicho linalofaa kulikagua tairi si la dereva peke yake. Ni la mzazi pia.

Niliyoyasikia kwa madereva

Baba yangu mdogo ana pikapu ya siku nyingi. Anabebea kahawa na mahindi, na usiku wa dharura hubeba wagonjwa na wajawazito kuwapeleka Vwawa. Yeye hahesabu umri wa tairi kwa kilomita, anahesabu kwa misimu. "Tairi likifungwa kiangazi kila mtu atalisifu," aliniambia. "Subiri mvua, ndipo utajua umenunua nini."

Kiangazi shida ni mawe, yanayokwangua mpira na kuchana ubavu wa tairi. Mvua zikianza, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, udongo unajaa kwenye mifereji ya tairi mpaka linakuwa laini kama mtungi. Kwa hiyo baba mdogo anapenda tairi la kashata kubwa, yaani lenye vile vipande virefu vya mpira vinavyotema tope. Lakini tairi hilohilo likifika kwenye lami linapiga kelele na kutikisa gari, na mgonjwa aliyelala nyuma anaumia kila mtetemo. Hakuna tairi lenye kila kitu. Linaloshika vizuri kwenye tope halitulii kwenye lami.

Dereva wa Noah alikuwa na hadithi tofauti. Gari lake lilitoka Japani likiwa limetumika, na lilikuja na matairi yaliyomfurahisha. "Lilikuwa kama godoro, dada. Halina kelele hata kidogo." Haukupita muda mrefu yakawa yamelika vibaya. Tulipoyasoma yale yaliyobaki stoo, tukakuta yameandikwa STUDLESS. Hayo ni matairi ya theluji. Mpira wake hutengenezwa laini ili usikakamae kwenye baridi kali, chini ya nyuzi joto 7 hivi. Sisi wa Mbozi tunaijua baridi ya Juni na Julai, lakini si ya kuganda kwa theluji. Kwenye lami yenye joto, mpira ule unalika haraka, na mvua ya nchi ya joto ikinyesha haushiki barabara kama tairi la kawaida. Ukiona neno hilo, au kijipicha cha mlima wenye vilele vitatu na ua la theluji ndani yake, ujue ulaini ule haukutengenezwa kwa ajili ya barabara zetu.

Wa tatu ni jirani yetu anayeendesha lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Yeye kila asubuhi huzunguka lori na kipande cha chuma akigonga tairi moja moja. Lenye upepo wa kutosha linadunda na kutoa sauti kavu. Lililopungua linatoa sauti nzito, iliyolala. Nilimwambia hata daktari humgonga mgonjwa mgongoni kusikiliza kama mapafu yana maji. Akacheka, akasema, "Basi na mimi ni daktari wa lori."

Alinieleza kwamba tairi nyingi zinazopasuka barabara kuu hazipasuki kwa sababu ya upepo mwingi, kama wengi tunavyodhani. Zinapasuka kwa upepo mdogo. Tairi lililolegea hujikunja kila linapozunguka, kujikunja huko kunaleta joto, na gari likiwa na mzigo na mwendo, joto linaidhoofisha tairi kwa ndani mpaka inaachia.

Tairi lina dalili zake

Nilichojifunza ni kwamba tairi halifi bila kutoa dalili. Likilika katikati, lilijazwa upepo kupita kiasi. Likilika pembeni kote kuwili, upepo ulikuwa mdogo. Likilika upande mmoja tu, magurudumu hayajakaa sawa na linahitaji alaimenti. Likilika kwa mabakamabaka, angalia shokapu na balansi. Fundi mzuri wa pancha anazisoma dalili hizi kama nesi anavyosoma kadi ya kliniki.

Kina cha mifereji nacho kina maana yake. Tairi jipya la gari dogo huwa na kina cha milimita 7 au 8 hivi. Ndani ya mifereji kuna vituta vidogo vya mpira vilivyowekwa na kiwanda. Mpira wa juu ukilika mpaka ukawa sawa na vituta hivyo, imebaki milimita 1.6, na huo ndio mwisho kisheria katika nchi nyingi. Zaidi ya hapo ndilo tairi ambalo askari wetu wa usalama barabarani wanaliita kipara. Kazi ya mifereji ni kuyatoa maji yaliyo kati ya mpira na barabara. Ikiisha, gari linapanda juu ya maji na usukani haumtii dereva.

Wapo wanaochonga mifereji mipya kwa kisu kwenye tairi lililoisha. Yapo matairi ya malori yaliyotengenezwa yaweze kuchongwa, lakini la gari dogo ukilichonga unaukaribia utando wa nyuzi na waya unaolishikilia. Kwa macho linapendeza. Ndani umelikata mishipa.

Halafu kuna umri. Ubavuni mwa tairi, kwenye mstari unaoanza na herufi DOT, tafuta tarakimu nne za mwisho. Ukikuta 2319, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata likiwa limekaa stoo: unakakamaa na kupasuka nyufa ndogo ndogo. Watengenezaji wengi hushauri likaguliwe kila mwaka baada ya miaka 5, na lisitumike kabisa baada ya miaka 10, hata kama kashata bado ni ndefu. Spea nayo inazeeka humo humo kwenye buti.

Starehe si anasa

Kuna wazazi watakaosema, mtoto akifika salama inatosha, habari ya kukaa raha ni ya matajiri. Nawakumbusha kwamba tairi la upepo lilipata umaarufu kwa sababu ya mtoto. Mwaka 1887 mjini Belfast, daktari wa mifugo aitwaye John Boyd Dunlop alimtengenezea mwanawe matairi yenye upepo kwa ajili ya baiskeli yake ya magurudumu matatu, iliyokuwa ikimrusharusha njiani. Mwaka uliofuata akapata hataza. Robert William Thomson alikuwa amelipata wazo hilo miaka ya 1840, lakini ni la Dunlop lililoenea.

Gari linalotikisika linamchosha dereva, na mtikisiko wa miaka mingi unahusishwa na maumivu ya mgongo kwa watu wa kazi hiyo. Dereva aliyechoka huchelewa kuona mtoto anayevuka. Kwa hiyo ukisikia gari linalia au usukani unatetemeka, usiseme ni uzee wa gari. Uliza.

Nani alipe?

Hapa ndipo penye ugumu. Tulikutana wazazi kumi na mmoja kwenye baraza ya mama yangu, dereva akiwepo. Mzee mmoja alisema wazi, "Nauli tunalipa. Matairi ni ya kwake." Hakusema uongo. Dereva naye akaeleza, kwa upole, kwamba nauli ya mwezi hulipwa nusu, iliyobaki inasubiri kahawa iuzwe, na mafuta hayasubiri. Tairi ndilo jambo pekee analoweza kuliahirisha, kwa sababu gari linatembea hata likiwa kipara.

Mama yangu alikuwa kimya muda wote. Mwishoni akasema, "Wajukuu zetu wakiwa ndani, tairi si la huyu kijana peke yake."

Tulikubaliana kulipa nauli ya muhula mzima kwanza, kwa yule anayeweza, na wengine kwa awamu mbili. Ilitosha matairi mawili mapya. Mengine mawili yatafuata kahawa ikiuzwa. Pale tukabishana tena: yafungwe mbele au nyuma? Dereva alitaka mbele, kwenye usukani. Lakini watengenezaji hushauri yaliyo mazuri yafungwe nyuma, kwa sababu mbele pakiteleza dereva anahisi kwenye usukani na kupunguza mwendo, ila nyuma pakiteleza gari linageuka kabla hajajua. Ndivyo ilivyotokea mwezi Machi. Yakafungwa nyuma.

Sijui kama kila kijiji kinaweza kufanya hivyo. Ninachojua ni kwamba tulikuwa tumezoea kubishana kuhusu nauli tu, na hakuna aliyewahi kuuliza nauli hiyo inanunua nini.

Unachoweza kufanya wewe

Huhitaji kuwa fundi. Angalia mambo haya:

Tazama mifereji ya matairi yote manne, upande wa nje na wa ndani. Mpira ukiwa sawa na vile vituta, limekwisha.

Tazama ubavu. Uvimbe au mchano mrefu maana yake nyuzi za ndani zimekatika. Hilo halizibwi pancha, linabadilishwa.

Soma tarakimu nne za umri.

Muulize dereva alijaza upepo lini. Upepo hupimwa asubuhi, gari likiwa halijatembea, na kiwango kinachofaa kimeandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi kando ya mlango wa dereva.

Hesabu watoto waliomo. Kila tairi limepimiwa uzito wake, na mtoto wa kumi na tano anayekaa mapajani mwa mwenzake anaongeza uzito hata kama hana kiti.

Kila tairi linagusa barabara kwa eneo lisilozidi sana kiganja cha mtu mzima. Viganja vinne ndivyo vinavyowashikilia watoto wetu mteremkoni mvua inaponyesha. Kesho gari likija, kabla hujaufunga mlango, inama utazame. Mwamkie dereva kwanza, maana anakubebea mtoto. Akikuuliza unatafuta nini, mwambie humkagui yeye, unamsaidia kuona kile ambacho macho yake yameshakizoea.