Mgeni wa Wiki Mbili

Lori lililokuja kumhamisha sajini lilipakia vitanda, magunia, baiskeli na kuku wawili waliofungwa miguu. Mbwa halikumchukua. Alilifuata mpaka langoni, akarudi, akajilaza mbele ya mlango wa unipoti aliyokuwa akiishi bwana wake, moja ya zile nyumba za bati za mviringo ambazo askari polisi wa Uganda na jamaa zao wanazijua sana. Hayo yalitokea Gulu, wala kambini si jambo la ajabu. Askari huhamishwa, mbwa hubaki.

Siku ya nne mkuu wa kituo akatoa amri kwamba mbwa wote wasio na mwenyewe waondolewe kabla ya Ijumaa, na hapana aliyeuliza maana ya kuondolewa. Koplo mmoja, jirani wa yule sajini, akaomba wiki mbili amtunze mnyama huyo hadi apatikane mtu wa kumchukua moja kwa moja. Akakubaliwa. Lililosalia ni kumwambia mkewe.

Nalo halikuwa jambo dogo. Mama huyo alikuwa na mdogo wake wa kiume ambaye, alipokuwa na umri wa miaka tisa, aling'atwa mguuni na mbwa wa njiani. Jeraha lilikuwa dogo. Likatiwa dawa ya majani, likafunga. Baada ya wiki saba mtoto akaanza kuogopa maji. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishatokea, karibu hapana apatwaye akapona, naye hakupona. Tangu hapo dada yake hakuruhusu mbwa apumzike hata kivulini mwa nyumba yake.

"Ni wiki mbili tu, Mama Watoto," koplo alimwambia.

"Kwanza sindano," akajibu mkewe. "Na cheti nikione kwa macho yangu."

Mbwa akapelekwa kwa daktari wa mifugo siku ile ile, akachanjwa. Daktari akaonya kwamba chanjo haimponyi mbwa aliyekwisha kuambukizwa, na kwamba hata kwa mbwa mzima kinga haiji kwa usiku mmoja. Kwa hiyo watoto wakae mbali naye kwa muda. Mama akaongeza masharti yake mwenyewe. Mbwa angefungwa kwa kamba ndefu chini ya mwembe, angekuwa na sufuria yake peke yake, na mtoto yeyote atakayeng'atwa au kukwaruzwa angeoshwa jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Habari ya majani asiisikie tena.

Watoto wakamwita Mgeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini mgeni huyu jembe asingeliweza. Hakubweka. Chakula alikigusa usiku, watu walipokwisha kulala. Kila lori lilipowashwa kambini, alishusha tumbo lake mpaka ardhini akatetemeka, na injini iliponyamaza alitazama upande wa unipoti ile ya zamani.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Humchukua mbwa aliyeachwa, wakadai shukrani siku ya kwanza. Wasipoiona, humwita mjinga au mkali. Kumbe mnyama huyo amefiwa, ila hapana aliyemwekea matanga.

Koplo alipangiwa lindo la usiku, akawa analala mchana. Kazi ya kumlisha Mgeni ikamwangukia yule asiyeitaka. Mama alimwekea posho na dagaa bila chumvi, akaketi juu ya kigoda chake hatua chache mbele, amempa mgongo, akichambua maharage. Hakumwita wala hakumtazama. Kwa kweli alikuwa akimwogopa. Pengine ndiyo sababu mambo yalikwenda vizuri, maana mbwa mwenye hofu hapendi kukazwa macho. Siku ya tisa Mgeni alikula mchana. Siku ya kumi na mbili kamba ilivutika, na mama aligeuka akamkuta amelala karibu na kigoda.

Katika mji huo huo wa Gulu yupo mtu aliyelijua jambo hili kwa njia ngumu zaidi. Francis Okello Oloya alipoteza macho akiwa na umri wa miaka 12, jembe lake lilipogonga bomu shambani, masalio ya vita. Alipokuwa shuleni, mbwa ndio waliomsaidia kwenda msalani usiku. Mwaka 2015 alianzisha mpango wa kuwachukua mbwa wasio na makao, wakatibiwa na kufundishwa, kisha wakakabidhiwa watu waliotoka katika vita vile na majeraha yasiyoonekana, wasiopata usingizi. Mtu na mbwa hufundishwa pamoja kwa miezi kadhaa.

Wiki mbili zilipotimia, mwenye duka mmoja alifika na mnyororo wa chuma. Alitaka mbwa wa kulinda ghala. Mgeni alipousikia mnyororo, alilala kifudifudi. Koplo alikuwa amekwisha kuishika kamba ampe, mkewe akatoka ndani.

"Atalala wapi, Bwana?"

"Pale pale penye mnyororo."

"Mchana je? Nani atampa maji?"

"Mama, mbwa ni mbwa tu."

"Basi huyu hatoki," akasema, akaichukua kamba mkononi mwa mumewe.

Koplo hakusema neno. Mwenye duka alicheka, akaenda zake. Mwaka uliofuata mama mwenyewe ndiye aliyekumbuka tarehe ya sindano, akampeleka Mgeni kwa miguu, na mwaka wa pili vivyo hivyo.

Kisha amri ya uhamisho ikamfikia koplo: Arua. Lori likaja asubuhi, likajaa upesi, kwani watoto walikuwa wameongezeka na vyombo pia. Dereva akatazama nyuma, akatikisa kichwa.

"Mama, nafasi ya mbwa haipo."

Mama akapanda, akashusha gunia la makaa alilolinunua juzi yake, akampa jirani. Akamwita Mgeni. Injini ilipowaka mbwa akaanza kutetemeka, kama siku zile. Mama akamweka kati ya magoti yake, mkono mmoja shingoni mwake, na mwingine juu ya mkoba wenye kadi za kliniki za watoto. Cheti cha mbwa kilikuwa humo humo. Walipofika Pakwach, wakaanza kuvuka daraja la Nile, alikuwa amesinzia.