Jua la Garissa na Pumzi ya Mtoto



Tuliondoka Mombasa baada ya sala ya Alfajiri, tukapita Malindi, Garsen na Hola. Kila tulipozidi kuiacha bahari, upepo ulizidi kukauka. Minazi ikatoweka, ikaja mikoma na migunga. Jua lilikuwa limekwisha kuinama tulipofika Madogo, tukavuka daraja la Mto Tana na kuingia Garissa, mji wa ngamia, misikiti na ukarimu.

Hatukwenda kutembea. Tulikwenda kuhani. Jamaa zetu walikuwa wamefiwa na mtoto wa miezi tisa kwa homa ya mapafu, maradhi ambayo madaktari huyaita nimonia. Mwenyezi Mungu amjaalie awe shufaa kwa wazazi wake.

Nyanya yake, ambaye nyumba nzima humwita Ayeeyo, alituketisha kwenye mkeka, akatumiminia chai ya maziwa ya ngamia, kisha akatusimulia, na akaturuhusu tuyaandike. Mtoto alikohoa siku tatu wakiwa malishoni. Walipomfikisha katika zahanati ndogo, ambayo hakuitaja jina nasi hatukumwuliza, palikuwapo mtungi mmoja wa oksijeni. Akawekewa, akatulia, hata akanyonya. Usiku wa manane mshale wa mtungi ukashuka hadi mwisho, na gari la kumpeleka hospitali kubwa lilikuwa bado njiani. "Jua lilipochomoza," alisema, "lilitukuta tumekwisha kumfunika."

Asubuhi yake tulipotoka nje, joto lilitupiga usoni, na neno lile la jua likaturudia. Garissa haina uhaba wa jua. Mwezi wa Desemba 2019 ulizinduliwa hapa mtambo wa umeme wa jua wa zaidi ya megawati 50, na umeme wake huingia katika gridi ya taifa. Lakini nguzo za gridi hazifiki kila malisho wala kila zahanati. Huko mbali, oksijeni ni mtungi unaobebwa kwa gari, na gari lahitaji barabara. Mafuriko ya Novemba 2023 yalipoikata barabara ya Garissa, kila mtu aliona jinsi njia hiyo ilivyo dhaifu.

Ipo njia nyingine. Hewa tunayovuta ina oksijeni kiasi cha asilimia 21. Sehemu kubwa iliyobaki ni naitrojeni. Kuna mashine, kimo chake hakizidi meza ndogo, inayovuta hewa hiyo na kuipitisha katika punje za madini zinazoinasa naitrojeni, ikatoa oksijeni ya asilimia 90 au zaidi. Mtoto mchanga huhitaji lita moja tu au mbili kwa dakika, hivyo mashine moja yaweza kuwahudumia watoto kadhaa. Kinachotakikana ni umeme usiokatika. Paneli za sola juu ya paa huupata mchana, na betri huuhifadhi kwa ajili ya usiku, saa ile ile ambayo mshale wa mtungi ulishuka.

Haya si ndoto. Majirani zetu wa Uganda walianza kuyajaribu Jinja zaidi ya miaka kumi iliyopita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliofanywa katika vituo vya afya 20 nchini humo, ulionyesha kuwa vifo vya watoto wenye upungufu wa oksijeni katika saa 48 za mwanzo vilipungua kwa karibu nusu. Na ng'ambo ya mpaka, huko Dusamareb nchini Somalia, hospitali ya Hanano ilifungiwa mtambo kama huo mwanzoni mwa mwaka 2021 kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani. Jua lao ni hili hili, na vumbi lao ni hili hili.

Vumbi, ndiyo. Paneli isiyofutwa hupunguza nguvu, kichujio kisichosafishwa huichosha mashine, na betri huzeeka. Anayetoa mtambo bila kumweka fundi wa kuutunza ametoa nusu. Wazee wetu walitufundisha kumfunga ngamia kwanza, kisha kutawakali.

Nanyi akina mama, mtambo hauwezi kumsaidia mtoto aliyecheleweshwa nyumbani. Anapokohoa, mtulizeni, mfunueni kifua, mkahesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Zikifika 50 kwa mtoto wa miezi miwili hadi kumi na moja, au 40 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mbavu zikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, msingoje hata saa moja. Mwombeni mhudumu ampime kwa kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni. Kikisoma chini ya 90, mtoto ahitaji oksijeni. Wala msiiache chanjo ya nimonia, ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14.

Katika pwani yetu tumezoea kuweka wakfu wa kisima, wa msikiti na wa madrasa. Tulipokuwa tukiagana na Ayeeyo tulijiuliza kwa nini isiwepo sadaka yenye kuendelea ya pumzi: paneli chache juu ya paa la zahanati, betri, mashine, na ujira wa fundi. Naye alitushika mkono akasema, "Mimi wangu amekwenda. Waambieni wenzenu kuhusu wale waliobaki."

Amana hiyo tumeifikisha. Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu wote. Amin.