KAMBA WANGU WALIKUFA WOTE, NIKAMSINGIZIA KAKA WA WATU. LEO NASEMA UKWELI

Leo hakuna ubuyu wa staa yeyote. Leo ubuyu ni wangu mwenyewe, na naumwaga mimi kabla hamjaletewa na wengine.

Mnakumbuka mwezi wa nne niliposti picha ya kamba wamelala chali, nikaandika kuhusu "muuza samaki wa mapambo mmoja hapa mjini" anayewauzia watu viumbe wagonjwa? Sikutaja jina. Nikajiona mjanja kweli. Kumbe wanaouza samaki wa maji chumvi hapa Dar ni wa kuhesabu. Haikupita saa moja, komenti zilishamtaja mpaka mtaa anaokaa.

Sasa sikilizeni. Kaka yule hakuwa na kosa lolote. Aliyeua wale kamba ni mimi.

Ngoja niwape stori nzima. Kama na wewe unafuga, au unatamani kuanza, itakuokolea hela na aibu.

Akwariamu yenyewe nilipewa na dada mmoja maarufu (msianze kuhisi, hamtapata). Alikuwa anahama nyumba, na picha zote alizotaka kupiga nayo alishapiga. Ni ndogo, lita 40 tu. Nikaiweka chumbani, maana ndiyo chumba hicho hicho ninacholala na mdogo wangu. Ndani nilikuwa na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, konokono wanne, kaa wawili wale wanaoishi ndani ya makombe, na kamba watatu.

Najua ukisikia kamba unawaza ndimu na chipsi. Hawa siyo wale. Hawa ni wekundu, wana mstari mweupe mgongoni na ndevu ndefu nyeupe. Kazi yao baharini ni kusafisha samaki, wanawatoa wadudu na ngozi iliyokufa. Ukiingiza mkono wanakuja kukuparua taratibu, wanadhani wewe ni samaki mkubwa umekuja saluni. Siku nikirudi nimechoka nilikuwa nakaa pale na mkono ndani ya maji hata dakika kumi. Mwingine ana paka, mimi nina kamba.

Mara ya kwanza nilipokuta kamba amekufa nililia. Kumbe lilikuwa gamba tu! Kamba akikua anavua ganda zima, miguu na ndevu, linabaki chini kama mzimu wake, mwenyewe amejificha nyuma ya jiwe. Kwa hiyo somo la kwanza: kabla hujaanza msiba, hesabu walio hai.

Lakini mwezi wa nne haikuwa gamba.

Jumamosi nilinunua kamba wawili wapya kwa yule kaka, wakawa watano. Jumanne asubuhi naamka, wawili wamekufa na mmoja amelala ubavu, miguu inachezacheza kama anakimbia hewani. Mpaka jioni wote watano kwisha habari. Kaa nao wakatoka kwenye makombe yao wakafa nje. Samaki wazima. Konokono wazima, wanapanda kioo kama hakuna kilichotokea.

Nikampigia yule kaka kwa hasira. Aliniuliza maswali mengi kwa upole. La mwisho likawa: "Dada, kuna kitu umebadilisha hapo nyumbani wiki hii?" Nikamjibu, sijabadilisha kitu, ni hawa wapya wako wameleta ugonjwa. Hakubishana. Kesho yake alikuja na wawili wengine, bure. Akawazoesha mwenyewe: akaingiza mfuko kwenye ndoo, akadondosha maji ya tangi ndani yake tone kwa tone zaidi ya saa nzima, ndipo akawaachia. Alhamisi asubuhi wamekufa.

Ndipo nikaposti. Mtu kaniletea kamba bure, amekaa kwenye stuli chumbani kwangu saa nzima akihesabu matone, mimi nikamwanika.

Uchunguzi nilikuja kuufanya baadaye, wakati ulitakiwa kuanza. Nikaenda hatua kwa hatua.

Kwanza chumvi. Tangi dogo na joto la Dar, maji yanapungua kila siku, lakini chumvi haiondoki na mvuke. Ukijazia maji ya bahari kila siku, chumvi inapanda mpaka inaua. Unatakiwa kujazia maji yasiyo na chumvi, kidogo kidogo. Nikapima, 1.025, kiwango cha bahari kabisa. Siyo chumvi.

Pili uchafu. Kiumbe akifa na kuozea humo, au ukilisha kupita kiasi, inatokea amonia. Nikapima amonia na nitriti, zote sifuri. Siyo uchafu.

Tatu hewa. Umeme ukikatika usiku na pampu ikazima, wanakosa hewa. Lakini samaki nao wangekuwa juu wanahema. Na umeme wiki ile haukukatika, maajabu.

Nne shaba. Hii wengi hawaijui. Dawa nyingi za samaki zina shaba. Samaki anavumilia, kamba hapana. Na tangi langu lilikuwa la mtumba! Nikamtumia ujumbe yule dada maarufu, akamuuliza fundi wake, akasema hawajawahi kuweka dawa. Nikawaangalia konokono wangu. Shaba inaua konokono pia, na wao walikuwa wanadunda. Siyo shaba.

Sasa ni kitu gani kinaua kamba na kaa, kinaacha samaki na konokono?

Jibu lilitoka kwa mdogo wangu, wala hakujua kama ananijibu. Masika yalikuwa yameanza na mbu wamekuwa wengi, kwa hiyo tangu Jumatatu ile nilikuwa napuliza dawa ya kopo chumbani kila jioni kabla ya kulala. Wiki iliyofuata nimepuliza kama kawaida, mende akadondoka kutoka ukutani, akalala chali, miguu inachezacheza hewani. Dogo akacheka: "Dada, muone, anakufa kama kamba wako."

Jamani. Nilikaa kitandani.

Nikachukua kopo nikasoma nyuma. Majina mawili, yote yanaishia na "thrin". Nikaingia mtandaoni. Hizo ni dawa za kiwandani zilizoigwa kutoka kwenye sumu ya ua la pareto, lile lile linalolimwa nyanda za juu kusini. Zinavuruga neva za mdudu, ndiyo maana miguu inacheza. Na kamba na kaa ni ndugu wa wadudu: magamba nje, miguu yenye viungo. Kinachomuua mende kinamuua kamba, tena kwa kiasi kidogo mno. Konokono hana undugu huo, anavumilia. Samaki nao dawa hizi zinawadhuru, wangu walinusurika tu.

Ila niliwahi kulifunika tangi nikipuliza! Iliingiaje? Pampu ya hewa. Ilikuwa imekaa sakafuni pembeni ya kitanda, inavuta hewa ya chumba na kuisukuma ndani ya maji usiku kucha. Yale mapovu mazuri niliyokuwa nawarekodi video ndiyo yaliyobeba sumu.

Na mtu aliniuliza kama kuna kitu nimebadilisha. Nikasema hapana.

Nilichofanya: dawa ya kopo ikatoka chumbani, tukarudi kwenye chandarua. Pampu nikaisogeza dirishani. Nikabadilisha lita 10 za maji kila siku kwa siku tano, nikaweka kwenye chujio ule mkaa maalumu wa akwariamu unaonasa kemikali (siyo mkaa wa jikoni, tafadhali). Mikono nanawa na kusuuza vizuri kabla ya kuigiza majini. Na angalizo: usifunike tangi kwa kipande cha chandarua chenye dawa, ile dawa ni ya ukoo huo huo.

Kisha nikaenda kwa yule kaka. Sikumpigia, nilienda. Nilimkuta anaosha matangi peke yake, zamani alikuwa na kijana wa kumsaidia. Nikamweleza yote, mpaka mende. Alinisikiliza, halafu akaniambia wateja wawili wakubwa waliahirisha oda wiki ile niliyoposti, na mmoja hajarudi mpaka leo. Hakupandisha sauti. Nilitamani angenitukana.

Nikatoa hela ya wale wawili wa bure. Akapokea. Nikaomba kununua mmoja, akakataa. "Subiri mwezi mzima, dada. Maji yako yakiwa sawa nitakuuzia."

Mwezi umeisha. Ninaye mmoja sasa, ana wiki mbili, ameshavua gamba mara moja na nililihesabu kwanza kabla ya kulia.

Ile posti ya mwezi wa nne sikuifuta, maana skrinishoti mnazo. Nimeandika juu yake kwamba ni uongo wangu, na hii ya leo iko pale pale juu ya ukurasa. Mlioniamini siku ile mkamtukana kaka wa watu, nawaomba mumrudie. Hamhitaji nitaje jina, si mlimjua wenyewe?

Haya, na wewe je? Ushawahi kumsingizia mtu halafu ukagundua tatizo lilikuwa kwako? Ulimfuata au ulikausha? Tupia komenti hapo chini, leo hakuna wa kumcheka mwenzake.