Kasha Lisilo na Kufuli

Watu wengi huamini kwamba nyumba ni kitu kilichojengewa msingi ardhini, na kwamba mtu asiye na nyumba ya namna hiyo ni wa kuhurumiwa. Mimi nilikuwa mmoja wao. Tena niliamini kwamba kitu kisichofungwa kwa kufuli ni kitu kisicho na mwenyewe. Imani hizi mbili zilinitoka katika safari moja. Ya kwanza ilinitoka kwa furaha, na ya pili kwa aibu. Nitakusimulia yote mawili, msomaji, bila ya kujipamba.

Kwanza sina budi kukueleza habari ya kabati. Katika shule niliyofundisha palikuwa na kabati la vitabu vya hadithi, vitabu 64 kwa jumla, na ufunguo wake nilikabidhiwa mimi. Katika mwaka mmoja vitabu 11 vilipotea. Nilikasirika, nikanunua kufuli kubwa, nikafunga. Wanafunzi walipokuja kuomba vitabu niliwajibu kwamba watavipata watakapojifunza uaminifu. Sikuwaambia wangejifunza wapi.

Kabati lilikuwa katika hali hiyo mwaka 2018, nilipopata nafasi ya kwenda Marekani kwa miezi michache kuona namna wenzetu wanavyofundisha. Nilifikia katika mji mdogo wa jimbo la Kansas. Huko nilijuana na mzee mmoja na mkewe, wote wawili walimu waliostaafu. Walikuwa wameuza nyumba yao, wakagawa viti na vyombo kwa watoto wao, wakanunua trela la kukaa, nao walikuwa wakiishi humo mwaka mzima, leo hapa, kesho kule. Shule zilipofungwa walinikaribisha nifuatane nao mpaka jimbo la Oregon, karibu na bahari ya Pasifiki. Nilikubali, lakini moyoni niliwahurumia. Nilidhani wamefilisika.

Trela lao lilikuwa na urefu wa meta 8, likivutwa na pikapu. Ndani mlikuwa na kitanda, meza iliyokunjwa usiku ikawa kitanda changu, jiko la gesi, na choo. Palikuwa na tangi la maji safi, tangi la maji ya kuoshea vyombo, na tangi la choo, na kila moja lilitaka kukumbukwa kwa wakati wake. Tulipotua jioni, kazi zilikuwa na taratibu kama za sala: kabari chini ya magurudumu kwanza, kisha kulifungua trela kutoka kwa gari, kisha jeki za pembeni, na bibi akasimama na pimamaji mkononi mpaka sakafu ikawa sawa. Trela likiinama, kitanda huinama, na mlango hujifungua wenyewe usiku. Nilijifunza kwamba wasio na msingi hujenga msingi kila jioni.

Watu wa namna yao ni wengi Marekani. Wakati wa baridi maelfu kwa maelfu hukusanyika katika jangwa la Quartzsite, jimbo la Arizona, na trela zao zikafanya mji unaotoweka joto likija. Kwa kuwa sheria humtaka kila mtu awe na makao, aghalabu huandikisha anwani zao katika majimbo ya Texas, Florida au South Dakota, na barua zao hupelekwa walipo. Nilipomwambia mzee kwamba sisi hatukuyajua mambo haya, alicheka. Aliniambia kwamba Wally Byam, muundaji wa trela mashuhuri za Airstream, aliongoza trela zaidi ya 40 kutoka Cape Town mpaka Cairo mwaka 1959 na 1960, zikakatiza Afrika ya Mashariki. Basi wazee wetu wa kando ya njia hapana shaka waliziona nyumba zikipita, nami nilikuwa nikidhani ni jambo geni.

Lakini wenzangu hawakusafiri ovyo. Waliongozwa na mchezo wa kutafuta makasha yaliyofichwa, uitwao jiokashingi, nao una asili ya kupendeza. Juu ya vichwa vyetu, kadiri ya kilometa 20,200, huzunguka setilaiti zisizopungua 24 za serikali ya Marekani. Chombo kidogo cha mkononi kikipata ishara za setilaiti nne huweza kujua mahali kilipo. Zamani serikali hiyo ilizichafua kwa makusudi ishara za raia, ikajiwekea zilizo safi, hata chombo cha raia kikaweza kukosea kwa meta 100. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000, kwa amri ya Rais Bill Clinton, uchafuzi huo ulikomeshwa. Kesho yake, tarehe 3 Mei, bwana mmoja aitwaye Dave Ulmer alificha ndoo katika vichaka karibu na Beavercreek, Oregon, akawatangazia watu mahali ilipo kwa tarakimu tu. Ndani yake mlikuwa na vitabu, manati, kopo la maharagwe, na daftari la kuandikia majina. Juma halikwisha kabla ndoo haijapatikana. Leo makasha ya namna hiyo yamepita milioni 3 duniani, na hata Kenya yamo, ingawa si mengi.

Tarakimu zenyewe ni somo la jiografia. Ndoo ile ilikuwa Kaskazini digrii 45 dakika 17.460, na Magharibi digrii 122 dakika 24.800. Dakika moja kutoka kusini kwenda kaskazini ni kadiri ya meta 1,852. Basi tarakimu ya mwisho katika hesabu hiyo haifiki meta 2. Nimewafundisha wanafunzi digrii na dakika kwa miaka, lakini sikupata kuziona zikimfikisha mtu kwenye shina la mti.

Sheria za mchezo ni chache. Ukilipata kasha, andika jina lako na tarehe katika daftari. Ukitaka kuchukua kitu, acha kingine chenye thamani sawa au zaidi. Usitie chakula, kwa maana wanyama hunusa na kuvunja. Kopo la maharagwe halingekubaliwa leo. Kisha rudisha kasha mahali pake, ulivyolikuta. Hapana mlinzi wala kufuli.

Upande wa magharibi wa Kansas, kando ya barabara kuu ya 70, tulisimama Mingo kutafuta kasha lililowekwa mwezi huo huo wa Mei 2000, linalohesabiwa kuwa kongwe kuliko yote yaliyokuwa yakitafutwa bado. Mzee alinipa chombo, nikaenda nikiwa nimekitumbulia macho hata nikajikwaa. Bibi alinishauri nikitie mfukoni nikikaribia. Chombo hukufikisha karibu, alisema, lakini macho ndiyo yaonayo. Nililiona, nikafunua, nikakuta daftari lenye majina ya watu wasiojuana, mmoja chini ya mwingine. Niliandika jina langu na neno “Kenya,” na nakiri kwamba mkono ulitetemeka kidogo.

Sasa nafika penye aibu yangu. Mchana wa siku iliyofuata, tukiwa tumekwisha kuingia jimbo la Colorado, tulipata kasha jingine chini ya daraja la zamani. Lilikuwa sanduku la chuma la kijeshi, la kuwekea risasi, na ndani yake, kati ya vikorokoro vya watoto, mlikuwa na dira ya shaba, nzito na nzuri. Wenzangu waliandika majina yao wakatangulia kurudi garini. Mimi nilibaki kufunga. Sikuwa na kitu cha kuacha mfukoni. Nilitazama nyuma, hapakuwa na mtu. Niliitia dira mfukoni, nikafunga kasha, nikaondoka, wala jina sikuandika.

Tulikwenda kilometa 70 zaidi. Dira ilinilemea kuliko uzito wake. Jioni, bibi alipokuwa akipima sakafu, nilimfikiria mwanafunzi wangu mmoja niliyepata kumkuta ameshika hadithi aliyoificha ndani ya sweta. Nilimwita mwizi mbele ya darasa zima. Yeye alikuwa na miaka 14, nami nilikuwa mtu mzima mwenye mshahara. Baada ya chakula niliitoa dira nikaiweka mezani, nikawaeleza.

Hawakunikemea. Mzee aliitazama, akaitazama na ramani, akasema, “Kesho tutageuza.” Nilimsihi asifanye hivyo. Nilijua kwamba pikapu ikivuta trela hunywa mafuta karibu maradufu. Nilisema naweza kuacha kitu kizuri zaidi katika kasha la mbele. Akanijibu kwamba deni ni la kasha lile, si la kasha jingine.

Asubuhi tulifunga jeki, tukatoa kabari, tukarudi kilometa 70 tulizokuja. Chini ya daraja niliandika katika daftari: “Jana nilichukua dira bila ya kuacha kitu. Leo nimeirudisha.” Nikatia na jina langu kamili. Ndipo mzee akasema, “Sasa waweza kuichukua ukitaka, maadam una kitu cha kuacha.” Nilivua bangili ya shanga aliyonipa dada yangu siku ya kuondoka, nikaiweka kwa moyo mzito, nikaichukua dira. Ikawa yangu kweli, kwa kuwa niliilipia kwa kitu nilichokipenda.

Njiani nilimwuliza mzee kama makasha hayaibiwi. “Huibiwa,” alisema. “Wezi wapo. Kasha likiibiwa, mwenyewe huweka jingine.” Nilingoja aongeze neno, hakuongeza.

Yaliyobaki ya safari nitayapitia upesi. Tuliikwea milima ya Rocky, gari likinguruma, mpaka njia ya chini ya mlima iitwayo Eisenhower, meta 3,400 juu ya usawa wa bahari. Tulivuka nyika ya Utah, ambako kati ya mji wa Green River na mji wa Salina kuna zaidi ya kilometa 160 pasipo na kituo cha mafuta. Kila tulipolala palikuwa na majirani wa usiku mmoja: huyu aliazima jeki, yule akaleta samaki. Huruma yangu iliisha. Watu hawa hawakupoteza nyumba. Walichagua kubakiwa na vichache na kuwaamini wengi. Mwishoni tulifika Beavercreek. Ndoo ya kwanza haipo tena, lakini pana kibao cha kumbukumbu mahali pake na kasha la kurithi nafasi yake. Niliandika jina langu bila ya kutazama nyuma.

Niliporudi nyumbani nilikwenda moja kwa moja kwenye kabati. Kufuli ilikuwa imara kama nilivyoiacha. Nilipofungua mlango vumbi jekundu lilinimwagikia miguuni. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka sakafuni kwa nyuma, nao walikuwa wamekula rafu mbili za chini. Kati ya vitabu 53 nilivyovifungia, 19 havikufaa hata kufungia karanga. Wazee walisema kwamba mali ya bahili huliwa na mchwa, nami nilidhani ni fumbo tu. Wezi wangu walichukua 11, na yamkini walivisoma. Ulinzi wangu ulipoteza 19, wala hakuna aliyevisoma.

Nilimtafuta yule mwanafunzi niliyemwaibisha, ambaye wakati huo alikuwa amefika kidato cha tatu, nikamwomba radhi mbele ya wenzake, kwa kuwa mbele yao ndipo nilipomkosea. Kisha nikamwomba anisaidie kulihamisha kabati. Tuliinua miguu yake juu ya mawe, tukaling’oa tundu la kufuli, tukalisimamisha ukumbini. Ndani niliweka daftari na penseli, na dira ya shaba juu yake ili kurasa zisipeperushwe. Sheria niliziandika kwenye karatasi: andika jina na tarehe, rudisha ulivyokuta, ukiwa na kitabu chako usichokihitaji tena, kiache.

Usidhani, msomaji, kwamba tangu siku hiyo wote walikuwa malaika. Katika mwaka wa kwanza vitabu 4 havikurudi, nami niliumia. Nilimkumbuka mzee, nikanunua 2 kwa fedha zangu. Katika mwaka huo huo niliona katika rafu vitabu 7 nisivyovijua. Kimoja kilikuwa miongoni mwa wale 11 wa zamani, kimefungwa katika gazeti, hakina jina la aliyekileta. Sikuuliza.

Wewe unayesoma huenda una kabati lako ulilolifungia kitu: kalamu, elimu, au neno la radhi. Kabla hujaisifu kufuli yako, fungua mara moja utazame ndani. Nyumba njema si mlango. Dira ingali pale juu ya daftari. Kila muhula hutazama kama ipo, na mpaka leo ipo.