Peke Yetu Katika Mawe ya Mazinde



Wapendwa, katika juma la kwanza la Kwaresima tulijipa siku moja, tukapanda peke yetu kwa miguu kutoka Mazinde hadi Irente, ule ukingo wa miamba ulio karibu na Lushoto. Wengi huijua Usambara kwa barabara ya Mombo, yenye ukungu na kabichi. Upande huu ni mwingine kabisa. Mvua itokayo Bahari ya Hindi humwagwa zaidi kwenye miteremko ya mashariki. Huku magharibi ni nyika. Chini kuna mikonge na mibuyu, kisha migunga, minyaa na mawe yaliyochomwa na jua. Ni karibu mita 1000 za kwenda juu, na kivuli ni haba.

Tulibeba lita 3 za maji, mkate na rozari. Sharti tulilojiwekea ni hili: saa sita itukute chini ya miamba mikubwa, la sivyo turudi. Atembeaye peke yake hana wa kumwambia "basi," hivyo sharti huwekwa asubuhi, kabla jua halijachoma akili.

Tulitarajia ukimya. Saa nzima ya kwanza kichwani mwetu ilikaa kamati: bati za kigango, deni la mbao, maneno ya mtu aliyetuudhi na majibu makali tuliyomtungia. Kisha mwinuko ukatunyima pumzi, na kamati ikavunjika.

Saa tano na nusu akashuka mama mmoja wa makamo, kikapu cha karoti kichwani, kandambili miguuni.

"Onga mshi, baba. Huko juu unakwenda kwa nani?"

Tukamjibu kwamba twatembea tu, tukisali. Akavitazama viatu vyetu, akacheka kwa upole.

"Mimi napita hapa kwa kuwa nauli sina."

Akatuonyesha jiwe ambalo chini yake maji hudondoka, akaenda zake. Jangwa letu la siku moja lilikuwa njia yake ya sokoni.

Saa sita kasoro dakika kumi tulikuwa chini ya miamba. Saa saba na robo, ukingoni. Mashamba ya mkonge yalionekana kama mikeka iliyotandazwa. Tulimtafuta yule mama kwa macho, lakini hata njia yenyewe haikuonekana. Rozari tuliyokuwa tumeiwekea nia zetu wenyewe, tuliisali kwa ajili ya magoti yake.

Kurudi tulipitia Lushoto, tukapanda basi la Mombo. Nauli tulikuwa nayo.