Siku Tatu Masama: Kisiwa Kisichozungukwa na Bahari

Likizo ya shule inapokaribia, wengi katika waungwana wa mji wetu wa Moshi huelekeza fikra zao pwani. Hutajwa Unguja, hutajwa Pemba, na wenye uwezo hukata tiketi za boti mapema. Nasi mwaka huu tulikuwa na nia hiyo hiyo, kaya mbili za msikiti mmoja, watu wazima wanne na watoto watano. Tulipopiga hesabu ya nauli ya basi na ya boti, kwenda na kurudi, tuliona kuwa fedha ile ingetufikisha kisiwani lakini isingetuweka huko hata usiku mmoja. Ndipo swahibu yetu mmoja, tuliyesoma naye chuo na ambaye sasa anakaa kwao Masama katika wilaya ya Hai, alipotuletea ujumbe: "Kama mnatafuta kisiwa, njooni huku kwetu. Mama anawaulizia kila siku."

Tuliyachukua maneno yale kuwa mzaha, lakini kila tulipoyatafakari tuliona yana ukweli ndani yake. Mlima Kilimanjaro, wenye kimo cha mita 5,895, umesimama peke yake katikati ya nyika. Viumbe na mimea ya huko juu imezungukwa na ukame kama vile watu wa Pemba walivyozungukwa na maji, na baadhi yake haipatikani penginepo popote duniani. Lipo ua dogo jekundu ambalo wataalamu huliita Impatiens kilimanjari, nalo huota katika misitu ya mlima huu tu. Mwaka 2016 watafiti walitangaza kuwa katika bonde la Mrere, kwenye mlima huu huu, wameupima mti wenye urefu wa mita 81.5, mrefu kuliko mti wowote wa asili uliokuwa umejulikana barani Afrika. Sisi tunaoamka kila siku chini ya mlima tulizipata habari za mti huo kwa kusoma, kama walivyozisoma watu wa Ulaya.

Basi tuliondoka Ijumaa baada ya Swala, tumebanana katika gari aina ya Noah pamoja na mchele, sukari na zawadi ndogo ndogo. Tulivuka Karanga, tukavuka Weruweru, tukavuka Kikafu, na tulipofika Kwa Sadala tukaiacha barabara kuu ya Arusha tukaanza kupanda. Mmoja wa watoto wetu, anayesoma madrasa na kupenda masuala, aliuliza kama tutapunguza Swala kwa kuwa tumo safarini. Alijibiwa kuwa umbali huo haufikii ule walioukadiria wengi wa wanachuoni. Alionekana kusikitika kidogo.

Kadiri tulivyopanda, ndivyo hewa ilivyobadilika. Mwezi wa Juni mawingu huulalia mlima, na ukungu ukatupokea kabla ya wenyeji wetu. Mahindi yaliyokauka ya tambarare yalibaki nyuma, ikaingia migomba, na baada ya migomba ikawa migomba tena, hata ikawa vigumu kujua nyumba ya mtu inaanzia wapi na shamba linaishia wapi.

Kihamba cha mwenyeji wetu ni eka moja na nusu. Mtu wa mjini akiambiwa eka moja na nusu hudhani ni mahali padogo. Akiingia ndani hupotea. Juu kabisa kuna miti mirefu: mruka, mringaringa na msesewe. Chini ya miti kuna migomba ya aina nyingi ambazo Mama alizitaja kwa majina nasi tukashindwa kuzikariri. Chini ya migomba kuna mibuni, na chini ya mibuni kuna magimbi, viazi vikuu, mboga na majani ya dawa. Ng'ombe wawili wamefungwa zizini, hawatoki. Huletewa majani, nao hutoa samadi inayorudi shambani. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo huu wa kihamba, kwa mfano wa kijiji cha Shimbwe Juu upande wa Uru, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo duniani. (Magome ya msesewe, tuseme kweli, majirani huyatumia katika kutengeneza mbege. Katika kihamba cha Mwislamu msesewe hutoa kivuli, na ulezi ukapikwa uji, nao ulikuwa uji mtamu sana.)

Tulikwenda kutafuta maumbile ambayo mkono wa mtu haujayagusa, na jioni ile tulianza kuona kuwa mahali pale pamebaki kijani kwa sababu mikono mingi imepagusa kila siku, kizazi baada ya kizazi. Dalili iliyo wazi zaidi ni mfongo. Maji hukingwa juu kwenye korongo, yakaongozwa kwa mfereji wa udongo ubavuni mwa mlima, mwinuko ukipimwa kwa macho, mpaka yafike katika vihamba. Wageni waliofika hapa kutoka Ulaya katika karne ya 19 waliikuta mifongo hii ikifanya kazi, wakaistaajabia. Kila nyumba ina zamu yake. Tope likijaa au ukingo ukibomoka, huitwa msaragambo, na asiyefika hutozwa faini. Jirani wa upande wa juu ni Mlutheri. Yeye hushika zamu ya Ijumaa ili mwenyeji wetu awahi msikitini, naye mwenyeji wetu hushika ya Jumapili. Tuliuliza nani aliyeyapanga hayo. Hakuna aliyekumbuka.

Watoto wetu walipouona mfongo walitaka kutawadha humo humo. Mama aliwazuia kwa upole: "Wajukuu zangu, chini yetu kuna watu wanakunywa." Akawaonyesha kuteka kwa birika na kwenda kando, chini ya mgomba, ili maji ya udhu yanywewe na mgomba. Tumekwishasomesha mara nyingi makatazo ya israfu ya maji hata kwa mtu aliye kando ya mto, na hatukuwahi kuyaona yakitekelezwa kwa wepesi namna ile.

Alfajiri ya Jumamosi baridi ilikuwa kali na maji yaliuma vidole. Tuliposwali na kutoka nje, ukungu ulikuwa umeshuka bondeni na Kibo ilikuwa wazi yote, nyeupe na waridi, karibu mno hata mtoto mdogo akanyoosha mkono. Hatukusema neno kwa muda. Ilidumu kama robo saa, kisha wingu likaifunika tena. Upimaji wa mwaka 1912 ulikuta barafu ya takriban kilomita za mraba 12 juu ya mlima. Ulipofika mwaka 2011 hazikubaki hata kilomita mbili. Watu wengi hudhani maji ya mifongo ni barafu inayoyeyuka, na kwamba ikiisha nayo yataisha. Waliouchunguza mlima wanaeleza kuwa sehemu kubwa kabisa ya maji hutokana na msitu, unaopata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka na kuunasa ukungu kwa majani na kuvumwani. Maji hayo huteremka mpaka bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo yakafuata mto Pangani hadi Bahari ya Hindi. Kwa hiyo bahari tuliyoikosa ilikuwa ikipita mbele ya mlango wa Mama.

Mchana tulipanda hadi ukingo wa msitu. Hatukuingia hifadhini, maana huko huingiwa kwa kibali na malipo. Mwenyeji wetu alituonyesha ukanda uitwao nusu maili, uliotengwa mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni na mbao bila kuugusa msitu wa asili ulio juu yake. Hifadhi ya Taifa ilitangazwa mwaka 1973, na mwaka 2005 ikapanuliwa kuuingiza msitu. Wanawake wa huku bado wanaulizana wapi watapata kuni, na jambo hilo halina jibu jepesi. Tuliketi pale tukala ndizi za kuchemsha na maparachichi. Hondohondo wawili walipita kwa kelele ya mbawa zao, na juu ya mti mmoja mbega watano, na mikia yao myeupe inayoning'inia, walitutazama kwa utulivu mkubwa kuliko wa watoto wetu.

Usiku wa Jumamosi, baada ya Isha, ndipo tulipofahamu kwa nini Mama alikuwa akituulizia kila siku.

Mumewe alifariki miaka miwili iliyopita na kaburi lake limo kihambani, chini ya mruka. Ameacha mjane, watoto wa kiume wawili na wa kike wawili. Kwa mila ya huku, kihamba hurithiwa na wana wa kiume. Binti huhesabiwa kuwa wa kwao mumewe. Kaka mkubwa anafanya kazi Dar es Salaam na amepata mnunuzi anayetaka kujenga nyumba ya kulaza wageni, naye alitaka apewe nusu yake aiuze. Mdogo wake, swahibu yetu, alikataa kwa sababu mbili: kwamba hakuna nusu ya mtu yeyote mpaka dada zao wapewe haki yao, na kwamba kihamba kikikatwa vipande, atakayekuwa mbali na mfongo hatakuwa na maji. Ndugu hawa wawili walikuwa hawajazungumza tangu Ramadhani.

"Katibu," Mama alituambia, "ninyi mmesoma. Andikeni, nisije nikafa watoto wangu wakagombania migomba."

Tulileta daftari. Hesabu yenyewe si ngumu kwa aliyepitia elimu ya mirathi katika Suratun-Nisaa: baada ya madeni na wasia, mjane ana thumni, na kinachobaki hugawiwa watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Mali ikafanywa mafungu 48. Mama akapata sita, kila binti saba, kila mwana wa kiume 14. Tulipoyaweka juu ya eka moja na nusu, fungu la binti halikufikia robo eka. Binti mkubwa, aliyepanda kutoka Boma Ng'ombe kwa ajili ya kikao hicho, alitazama karatasi kwa muda. "Nimekata majani ya ng'ombe hapa tangu nina miaka saba," akasema. "Hata kama ni kidogo namna hiyo, andikeni jina langu."

Tukaandika majina yote. Kisha tukaeleza jambo ambalo wengi hawalijui, kwamba sheria hailazimishi ardhi kukatwa ndipo haki ipatikane. Warithi wanaweza kumiliki kwa ushirika, kila mmoja na fungu lake linalojulikana, wakagawana mavuno na gharama. Na mshirika anayetaka kuuza, washirika wenziwe wana haki ya kununua kwanza kwa bei ile ile kabla ya mtu wa nje. Haki hiyo huitwa shuf'a, na wanachuoni wameafikiana juu yake katika ardhi isiyogawanywa.

Kaka mkubwa alisikiliza kwa simu, iliyowekwa juu ya meza. Alihoji sana, na kwa haki: yeye ndiye aliyesomesha wadogo zake, na kahawa siku hizi haimpi mtu ada ya shule. Wengi huku wameing'oa mibuni kwa sababu hiyo hiyo, mibuni ambayo baba zao waliiuzia KNCU tangu ushirika huo ulipoundwa mwaka 1933. Mwishowe alisema atamwambia mnunuzi asubiri mpaka Desemba. Ikiwa kufikia hapo nduguze wataweza kumlipa mafungu yake 14, hata kwa awamu, hatauza nje. Kabla hajakata simu alimwuliza mdogo wake kama mfongo umekarabatiwa. Akajibiwa kuwa umekarabatiwa. Mama akaenda jikoni bila kusema kitu, akarudi na maziwa mgando kwa watu wote.

Jumapili tuliagana mapema, maana ilikuwa zamu ya mwenyeji wetu. Alitusindikiza hadi barabarani akiwa na jembe begani, akageuka kupanda kuelekea kwenye banio la maji. Gari lilijazwa ndizi, magimbi na maparachichi hata watoto wakakaa juu ya mikungu. Daftari lilibaki kwa Mama, limefungwa ndani ya kanga. Mwezi wa Desemba, wakati Wachagga wa miji yote hurejea makwao, kaka mkubwa ameahidi kupanda Masama, nasi tumeombwa tuwepo, Inshaallah.