Kopo la Biskuti la Ukoo Wetu

Katika maktaba ya shule yetu kuna riwaya za Kiingereza za namna moja ambazo hazikai rafuni hata juma moja. Kila kitabu kina hadithi mbili. Ya kwanza ni ya msichana wa siku hizi aliyerithi kitu cha ukoo: pete, saa ya mfukoni, au Biblia yenye majina yaliyofifia. Ya pili ni ya bibi wa zamani aliyekuwa na kitu kile kile, akapendana na mtu, na mapenzi yao yakajaribiwa kwa vita na kwa imani. Sura moja ya leo, sura moja ya kale, hata mwisho hadithi mbili zikutane na msichana aolewe kanisani.

Wenzangu wa kidato cha sita huzicheka riwaya hizi, wakisema kwamba mambo ya duniani hayaendi hivyo. Mimi sizicheki. Nyumbani kwetu, chini ya kilima cha Namirembe, kulikuwa na kopo la biskuti lililobeba hadithi mbili za namna hiyo. Ya kwanza niliisikia kwa babu; ya pili niliiona kwa macho yangu.

Kwanza nieleze habari za kopo lenyewe. Wasomaji wa kwanza wa Buganda walianza kwa vitabu vya Kiswahili, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa navyo Alexander Mackay, aliyefika mwaka 1878. Baadaye mmisionari George Pilkington, akisaidiana na Henry Wright Duta, Muganda aliyebatizwa Unguja mwaka 1882, alifasiri Maandiko kwa Kiganda, na Biblia nzima ikatoka mwaka 1896. Ilichapwa kwa umbo la ajabu: fupi, nyembamba kwa upana, na nene kama tofali. Haikufanywa hivyo kwa urembo. Adui wa vitabu katika nchi yetu ni mchwa, na watu walikuwa wakiweka vitabu vyao katika makopo ya biskuti yaliyotoka Uingereza. Basi wachapaji wakaipima Biblia iingie katika kopo. Ndiyo maana hata leo huitwa Biblia ya biskuti.

Ya kwetu ni mojawapo. Ndani ya jalada kuna majina ya mume na mke, kizazi baada ya kizazi, pamoja na mwaka wa ndoa. Ya kwanza yaliandikwa kwa wino ambao sasa una rangi ya kahawia, mwaka 1899. Desturi yetu ni kwamba mtoto wa kwanza wa kila kizazi kufunga ndoa kanisani ndiye achukuaye kopo. Chini ya Biblia mna kipande cha lubugo, yaani nguo ya gome la mti, na ndani yake medali ndogo ya Bikira Maria iliyolika kwa kushikwashikwa. Tulipokuwa watoto tuliambiwa kuwa ni kitu kilichookotwa njiani.

Katika kizazi chetu wa kwanza kuchumbiwa ni dada yangu. Mchumba wake ni mwalimu, kijana mpole wa Masaka, naye ni Mkatoliki. Habari hiyo ilipofika kwa wazee, nyumba yetu iligawanyika.

Msomaji wa mbali atauliza: Wakristo kwa Wakristo, ugomvi uko wapi? Ajue kwamba kwetu jambo hili lina mizizi mirefu. Tarehe 3 Juni 1886, kule Namugongo, vijana wa Kiprotestanti na wa Kikatoliki walichomwa pamoja kwa amri ya Kabaka Mwanga. Moto ulikuwa mmoja. Lakini miaka sita haikwisha kabla ndugu zao hawajapigana risasi. Tarehe 24 Januari 1892 pande mbili hizo zilipigana Mengo. Kapteni Lugard, aliyekuwa na ngome yake Kampala, aliwapa Waprotestanti bunduki na kuwasaidia kwa bombomu. Wakatoliki walishindwa, kanisa lao la Rubaga likateketea, nao wakakimbia, wengi mwishowe wakakaa Buddu, ambayo ndiyo nchi ya Masaka. Tangu siku hizo madhehebu ya mtu yalikuwa pia chama chake, na uchifu uligawanywa kwa kuangalia mtu anasali kilima gani. Ukisimama Namirembe waiona Rubaga ng'ambo ya bonde. Lakini kwa wazee wetu bonde lile lilikuwa pana kuliko ziwa.

Basi shangazi yangu, ambaye kwa desturi ya Kiganda ndiye msimamizi wa ndoa ya dada, alisema waziwazi, "Kijana sina neno naye. Lakini kopo halivuki kwenda Rubaga." Babu mdogo akaongeza ukali: "Watu walikufa ili Biblia hii isomwe katika nyumba hii. Leo tuwape wale wale?" Upande wa pili nao haukuwa mwepesi. Mama wa kijana alitaka ndoa ifungwe kwao Masaka, au isifungwe kabisa.

Dada alijibu kwa adabu kwamba kopo aweza kuliacha, ila baraka ya babu hawezi kuiacha. Kama babu angekataa, angevunja uchumba. Nilimjua dada yangu. Hakusema hivyo kutisha watu. Kwa majuma mawili alikuwa hali vizuri, na simu ya mchumba wake ilikuwa ikilia bila kupokewa.

Hatimaye babu, aliye na umri wa miaka themanini na sita, aliwaita wote ukumbini, akataka kopo lifunguliwe. Babu ni mjukuu wa wale wawili wa mwaka 1899. Baba yangu ni kitukuu, nami ni kilembwe. Alichukua ile medali, akaiweka juu ya meza, akasema, "Hii haikuokotwa njiani. Hii ni mahari."

Kisha akatueleza. Babu yake alikuwa mmoja wa vijana waliotumwa kufundisha kusoma vijijini baada ya uamsho wa mwaka 1893. Alipelekwa mpakani mwa Buddu, akiuza vitabu vya Injili kwa simbi. Siku moja alikuja binti akiwa na simbi zake katika kifundo cha nguo, akataka kitabu. Yule mwalimu akamwambia asome kwanza, ili ajue kama anaweza. Binti akasoma upesi kuliko mwalimu mwenyewe, kwa kuwa mapadre walikuwa wamekwisha kumfundisha. Nasikia mwalimu alicheka hadi akamrudishia simbi zake. Ndivyo mapenzi yao yalivyoanza.

Lakini kaka wa binti aliuawa katika vita vya Mengo, na mwalimu alikuwa amepigana siku ile ile, upande wa pili, akiwa kijana wa miaka kumi na saba. Alipokwenda kuposa mwaka 1895, alimweleza baba wa binti jambo hilo kabla ya kuulizwa. Mzee alimfukuza. Akarudi mwaka wa pili, akafukuzwa. Hakumtorosha binti, ingawa walikuwapo waliomshauri. Na binti alikataa wachumba wawili waliochaguliwa na ukoo. Walingoja miaka minne. Mwisho mzee alimwita, akamwambia maneno ambayo bibi yake babu hakuyasahau hata alipokuwa kikongwe: "Wengi hunijia, na kila mmoja husema siku ile alikuwa safarini. Wewe peke yako ulisema ulikuwapo. Mtu asemaye kweli inayomwumiza, huyo naweza kumpa mtoto."

Mzee hakutaka ng'ombe wengi. Alitaka ahadi mbili. Ya kwanza, binti akimfuata mumewe kanisani kwake, amfuate kwa hiari. Ya pili, medali aliyovaa siku ya ubatizo isitupwe, na wajukuu waambiwe ilikotoka. Yule bwana arusi akaitia ndani ya kopo kwa mkono wake mwenyewe, chini ya Biblia aliyoinunua kwa mshahara wake mdogo.

"Ahadi ya kwanza ilitimizwa," babu akasema. "Ya pili tuliitimiza nusu. Medali tukaitunza, maneno tukayaficha. Baba yangu alitafuta uchifu, akaogopa kusikiwa kuwa mama yake alizaliwa kwa Wakatoliki. Bibi alinieleza mwaka 1958, mwaka aliokufa, na baba akanikataza kusema. Sasa mnasema kopo halivuki. Kopo hili lilianza kwa kuvuka."

Ukumbi ulinyamaza. Shangazi aliishika medali muda mrefu, kisha akamwuliza dada kama nguo za kwanjula zimekwisha kushonwa. Sisi tulioujua ulimi wake tulifahamu kwamba amekubali. Babu mdogo alichukua fimbo yake akaondoka bila kuaga, wala hakuja arusini. Sitaki kuwadanganya wasomaji kwamba kila moyo ulilainika. Katika riwaya hulainika yote, kwetu ulisalia mmoja.

Ndoa ilifungwa Masaka mwezi wa Desemba uliopita, kwa ruhusa ya askofu, maana kanisa lao lina kanuni ya ndoa ya namna hii. Dada hakubadili dhehebu lake, na hakuna aliyemlazimisha. Babu aliandika majina yao ndani ya jalada kwa mkono unaotetemeka. Mama mkwe alipooneshwa medali, jambo la kwanza aliuliza ukoo wa yule bibi wa zamani, asije akawa wa kwao, ndoa ikawa mwiko! Alipoambiwa ukoo wake ni mwingine, alicheka, akaomba asomewe sura moja ya Biblia ile, akaisikiliza hata mwisho.

Tangu wakati huo nimezisoma upya zile riwaya, na naona zinapotofautiana na maisha yetu. Katika riwaya, kitu cha ukoo huwa kimepotea darini, kisha kikaokotwa pamoja na barua nyingi zielezazo kila jambo. Kopo letu halikupotea hata siku moja. Lilikaa juu ya kabati, likipanguswa vumbi kila Jumamosi. Kilichopotea ni maneno yake, na hapakuwa na barua yoyote; palikuwa na mzee mmoja tu aliyejua. Lau angalikufa mwaka jana, shangazi angalilinda kopo kwa moyo wake wote, huku akivunja ahadi iliyolifanya liwe urithi. Mtu aweza kutunza kitu cha babu zake na kuwaasi babu zake kwa kitu hicho hicho.

Nanyi mlio katika mapenzi, au mnaotazamia kuwamo, mtazame wale wawili. Twasifu upendo wa zamani kwa sababu ya vita na hatari zake. Mimi nausifu kwa jambo dogo zaidi: yule kijana alisema, "Nilikuwapo," wakati ambapo uongo ungemfaa. Ndoa yao iliegemea pale, na dada yangu ameolewa kwa nguvu ya neno lile miaka zaidi ya mia moja na ishirini baadaye.

Likizo inakaribia, ndugu wanafunzi. Katika nyumba zenu kuna mkeka ambao haukaliwi, au rozari, au sahani isiyotumiwa hata kwa wageni. Muulizeni mzee kimetoka wapi, na mkiambiwa kwamba kiliokotwa njiani, muulizeni tena. Nanyi wanafunzi wa zamani, wengi wenu ndio wenye funguo za makabati hayo, msingoje kuulizwa.

Mimi nimekwisha kuandika maneno ya babu katika karatasi nne, naye ametia sahihi yake chini. Nakala moja ni ya Kiganda, na nyingine ya Kiswahili, kwa kuwa shemeji ana jamaa Bukoba wasiosoma Kiganda. Zote mbili zimekunjwa ndani ya kopo, karibu na ile medali, nalo kopo liko Masaka.